Rambo, Spear na Kopo la Kimbo: Namna ya Kukusanya Karatasi za Mashujaa Katika Nchi ya Mvua

Tukuyu, wilayani Rungwe, hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Mvua hiyo ndiyo inayotupa ndizi, chai, parachichi na maziwa, na ndiyo hiyo hiyo inayokula karatasi. Bango ambalo Dodoma lingepauka kwa jua, hapa kwetu huota ukungu. Kwa sababu hiyo, mtu wa Rungwe anayependa kukusanya mabango ya zamani ya masteringi, majalada ya majarida yao na vifungashio vya bidhaa vilivyobeba sura zao ana kazi mbili. Ya kwanza ni kuvipata, ya pili ni kuviweka vikavu. Wengi huifanya ya kwanza kwa bidii na kuisahau ya pili, na baada ya masika mawili hawana kitu.

Makala haya ni kwa kijana au mtu mzima anayetaka kuanza, au aliyekwisha kuanza na anaona vitu vyake vinaharibika. Nashikilia jambo moja: mkusanyo mzuri haupimwi kwa uadimu wa vitu. Hupimwa kwa ukavu wake na kwa historia iliyoandikwa kando ya kila kitu.

Mashujaa waliopita kwetu

Usianze na Marekani. Ni kweli kwamba jarida la Action Comics namba 1 la Juni 1938, ambamo Superman alionekana mara ya kwanza, liliuzwa senti 10 za Marekani, na mwaka 2024 nakala moja ikanunuliwa kwa dola milioni 6. Habari za namna hiyo huwapeleka vijana kwenye mtandao kununua mabango yaliyochapishwa juzi. Utajiri wetu uko kwenye mashujaa waliofika hapa kwa basi, kwa begi la mwanafunzi na kwa rafu za duka.

Wa kwanza ni Lance Spearman, ambaye wasomaji walimwita Spear. Alikuwa mpelelezi wa jarida la African Film lililotolewa na Drum Publications kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960. Hadithi zake hazikuchorwa. Zilipangwa kwa picha za kamera, fremu baada ya fremu, na maneno yakaandikwa juu yake. Spear alivaa kofia na tai ya kipepeo, alifuga ndevu za kidevuni, aliendesha gari la Corvette Stingray, na alipambana na wahalifu kama Rabon Zollo akisaidiwa na Sonia, kijana Lemmy na Kapteni Victor. Alikuwa Mwafrika mwerevu aliyeshinda kila mara, katika miaka ambayo nchi zetu zilikuwa zimetoka tu kupata uhuru. Kampuni hiyo hiyo ilitoa jarida la Boom, lenye Fearless Fang, shujaa wa msituni wa mtindo wa Tarzan. Hapa Tanzania, Faraji Katalambulla, mwandishi wa riwaya ya Simu ya Kifo ya mwaka 1965, akatoa jarida lake la picha, Film Tanzania. Nakala ya lolote kati ya haya, hata isiyo na jalada, ipokee kwa mikono miwili.

Wa pili ni masteringi wa sinema. Tanzania Bara haikuwa na televisheni hadi mwaka 1994. Kabla ya hapo, mtu alikutana na sura ya shujaa kwenye jumba la sinema, kwenye bango, kwenye jarida au kwenye bidhaa. Ndiyo maana bango la Bruce Lee wa Enter the Dragon, filamu ya 1973, lilitundikwa kwa vinyozi, na la Sholay ya 1975 likapamba vyumba vya vijana. Baadaye vikaja vibanda vya video, na sauti ya mtafsiri Lufufu ikizieleza filamu za kigeni kwa Kiswahili. Majalada ya kanda zile, na vibao vya ratiba vilivyoandikwa kwa mkono, ni sehemu ya historia hii kama yalivyo mabango yenyewe.

Wa tatu ni shujaa aliyepanda kwenye kifungashio. Filamu tatu za kwanza za Rambo zilitoka 1982, 1985 na 1988, na muda si mrefu sura yake ikawa kwenye mifuko ya plastiki ya sokoni, hata watu wengi wakaiita mifuko hiyo yote rambo. Lile kopo la mafuta ya kupikia ya Cowboy kutoka Kenya lilimleta jikoni mwanamume wa filamu za Magharibi. Siku hizi Spider-Man yuko kwenye begi la shule na kwenye boksi la biskuti. Vitu vya sasa usividharau. Weka kimoja kisafi leo, kwa sababu miaka 30 ijayo hakuna mwingine atakayekuwa amekitunza.

Wa nne ni wa nyumbani kabisa. Mwaka 1986 Tukuyu Stars, Banyambala, walitwaa ubingwa wa Tanzania Bara. Picha ya timu ile, kipande cha gazeti cha siku ile, tangazo la mechi, tiketi, kalenda: kwa Rungwe hivi vina thamani kuliko bango lolote la Hollywood, na hakuna mtu wa nje atakayetukusanyia.

Chagua njia moja

Mwenye kukusanya kila kitu hujaza chumba na kushindwa kukitunza. Chagua eneo moja na ulijue vizuri: majarida ya picha ya miaka ya 1960 na 1970, au majalada ya kanda za video, au makopo na pakiti za jikoni, au karatasi zote za Tukuyu Stars. Ukishalijua eneo lako utagundua upesi kilicho adimu na kilicho cha kawaida, na muuzaji hataweza kukudanganya.

Pa kutafuta, na adabu yake

Tafuta kwanza kwenu. Angalia juu ya dari, chini ya kitanda, na kwenye masanduku ya bati. Wazee wengi wa Rungwe walikwenda migodini Afrika Kusini kupitia Wenela, wakala wa kuajiri wachimba migodi, au kwenye migodi ya shaba ya Zambia, na waliporudi masanduku yao yalibeba makopo, pakiti na karatasi za huko. Miaka ya mwanzo ya 1980, bidhaa zilipoadimika madukani, kopo tupu halikutupwa. Liliwekwa chumvi, mbegu au vifungo, na baadhi yako kazini hadi leo.

Baada ya hapo nenda kwenye maduka ya zamani ya Tukuyu, Kiwira, Katumba na Mwakaleli. Duka lililokaa na familia moja muda mrefu huwa na rafu ya juu isiyoguswa. Vinyozi, mafundi redio na waliowahi kuwa na vibanda vya video pia wana hazina. Kwa vitu vilivyozunguka, tembelea Mwanjelwa na SIDO jijini Mbeya, kwenye meza za vitabu na mitumba.

Usiingie nyumbani kwa mtu ukianza na bei. Salimia, kaa, kunywa chai utakayopewa, na mwache mzee aulize umetoka kwa nani. Ukimweleza kwamba unaandika historia ya vitu hivi, mara nyingi atatoa mwenyewe ambavyo hata hukuviona. Ukimkuta bibi anatia chumvi kwenye kopo la zamani la mafuta ya kupikia ya Kimbo, usilichukue kwa elfu mbili ukamwacha na chumvi kwenye karatasi. Mpelekee kwanza chombo kingine kizuri chenye mfuniko, kisha mkubaliane bei. Akikataa, omba kulipiga picha, sema ndaga fijo, yaani asante sana, na uondoke kwa amani. Mwakani huenda akakuita mwenyewe.

Mambo mawili uyaache kabisa. La kwanza ni makopo na chupa za dawa za kuua wadudu wa mimea. Wilaya yetu ni ya kahawa na chai, na lebo za dawa hizo zinaweza kuwa na picha za kuvutia, lakini sumu hubaki kwenye kopo miaka mingi. La pili ni kurundika mifuko ya plastiki. Kanuni zilizoanza kutumika Juni 1, 2019 zimekataza kuingiza, kutengeneza, kuuza, kuhifadhi na kutumia mifuko ya plastiki ya kubebea. Ukiukuta mfuko wa zamani wenye sura ya Rambo, upige picha pande zote mbili, andika ulipoukuta, na kabla ya kufikiria kuuweka uliza NEMC, baraza la taifa la mazingira.

Kutambua cha kweli

Nunua lenzi ya mkononi inayokuza mara kumi. Ni kifaa cha bei nafuu na kitakuokolea fedha nyingi.

Chukua bango unalolitilia shaka, uliweke mezani karibu na dirisha, na uweke lenzi juu ya herufi nyeusi ndogo kabisa, zile za chini zinazotaja kampuni au mchapishaji. Kwenye bango halisi la kiwandani, wino wa herufi ni mweusi mtupu na kingo zake zimekatika vizuri. Kwenye nakala iliyopigwa skani na kuchapishwa upya, herufi hiyo hiyo imevunjika ikawa vitone vya bluu, pinki na njano, na kingo zimefifia. Sasa sogeza lenzi kwenye shavu la steringi. Uchapaji wa zamani wa rangi nne huonyesha vitone vilivyojipanga kwa mpangilio unaojirudia. Printa ya wino ya siku hizi hutawanya vitone ovyo. Baada ya kufanya hivi kwa mabango machache, jicho lako litazoea.

Mikunjo isikutishe. Mabango mengi ya sinema ya Marekani ya kabla ya katikati ya miaka ya 1980 yalisambazwa yakiwa yamekunjwa, na ukubwa wa kawaida ulikuwa takriban inchi 27 kwa 41. Baadaye ukawa 27 kwa 40. Bango la filamu ya 1973 lisilo na mkunjo hata mmoja, jeupe nyuma kama karatasi ya ofisini, lichunguze mara mbili.

Kwa vifungashio, tarehe hujificha kwenye maandishi madogo. Uzito ulioandikwa kwa ratili na wakia peke yake ni dalili ya zamani. Jina Tanganyika huashiria kabla ya 1964, ingawa baadhi ya kampuni ziliendelea kulitumia baadaye, kwa hiyo lisiwe ushahidi wako pekee. Shilingi ya Tanzania ilianza Juni 1966. Kabla yake tulitumia shilingi ya Afrika Mashariki. Shirika la Viwango, TBS, liliundwa 1975, hivyo pakiti yenye alama yake ni ya baada ya hapo. Namba ya simu ya mkononi hukuleta katikati ya miaka ya 1990 au baadaye. Msimbo wa mistari unaoanza na 620 ni wa Tanzania, na GS1 Tanzania ilianza kazi 2011. Kumbuka pia kwamba mpaka wetu na Kenya ulifungwa 1977 na kufunguliwa 1983. Kopo la kiwanda cha Nairobi lina uwezekano mkubwa wa kuwa lilifika kabla au baada ya miaka hiyo. Unganisha dalili mbili au tatu ndipo utaje mwaka.

Kutunza: hapa ndipo kazi ilipo

Ukungu huanza kustawi unyevu wa hewa unapopita asilimia 65 hivi, na kwetu kuanzia Novemba hadi Mei kiwango hicho ni cha kawaida. Nunua kipima unyevu kidogo ukiweke pale pale penye mkusanyo. Lengo lako ni kubaki chini ya asilimia 60.

Chagua mahali kabla ya kuchagua sanduku. Pawe chumba cha ndani, mbali na ukuta unaopigwa na mvua, mbali na jiko, na juu ya sakafu angalau sentimita 15. Jiko la kuni hukausha, lakini moshi wake hupaka karatasi masizi na mafuta ambayo hayatoki tena.

Sanduku la bati huzuia panya na mchwa, ila usiku wa baridi hutoa jasho ndani. Weka fito za mbao kwenye kitako chake, tandika kitambaa cheupe cha pamba kilichofuliwa bila wanga, kisha panga karatasi. Tia vifuko vya silika, vile vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu na vifaa vya umeme. Vikishiba unyevu havifanyi kazi tena, kwa hiyo vibadilishe mara kwa mara. Mchele mbichi usiutie. Hausaidii sana, na huita wadudu na panya.

Majarida yalaze bapa, yasisimame. Kila moja liingie kwenye mfuko wa poliesta angavu au lifungwe ndani ya karatasi nyeupe isiyo na wino. Epuka plastiki laini yenye harufu kali, kwa sababu hung'ang'ania wino na siku ukiivuta hutoka na sura ya Spear. Mabango makubwa yaviringishe kwa kulegea juu ya bomba nene lililofunikwa kwa kitambaa, picha ikiangalia nje, kisha funika tena.

Usitumie selotepu, hata kipande kimoja, wala gundi ya dukani, wala laminesheni. Selotepu hugeuka kahawia, hula karatasi, na doa lake halitoki. Laminesheni huua thamani ya bango siku hiyo hiyo. Penye mpasuko, acha mpasuko. Weka karatasi ndani ya mfuko wake na uandike kwamba mpasuko upo. Maelezo yoyote nyuma ya karatasi yaandikwe kwa penseli laini, kwa mkono mwepesi.

Kuanzia Julai hadi Oktoba ndio wakati wetu wa neema. Chagua siku kavu yenye upepo, fungua masanduku yote, panga vitu mezani kivulini, na uvikague kimoja kimoja. Usivianike juani hata kwa saa moja, jua hufifisha nyekundu na njano upesi. Fanya hivi kila mwaka, kama mkulima anavyokagua ghala.

Ukikuta ukungu, kitenge kitu hicho mara moja. Kikaushe kivulini penye upepo, kisha nje ya nyumba, ukiwa umevaa barakoa, kipige brashi laini taratibu. Usipanguse kwa kitambaa chenye maji, maana utausambaza. Ukikuta wadudu, kifunge kitu vizuri kwenye naironi ya vyakula, ukiweke kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili, kisha kiache nje siku nzima kabla ya kufungua, ili jasho lishike naironi badala ya karatasi. Paa likivuja na vitu vikalowa, una siku mbili tu kabla ukungu haujaanza. Tenganisha kurasa zinazong'aa zikiwa bado mbichi, maana zikikauka zimeshikana hazitaachana tena.

Makopo yana sheria yake. Usiyasugue kwa steelwool wala kuyaosha nje. Futa kwa kitambaa kikavu. Ondoa kabisa mabaki ya mafuta au chakula ndani. Viberiti toa njiti zote, pakiti za sigara toa tumbaku. Boksi la karatasi lifungue kwenye gundi kama linafunguka lenyewe, ulilaze bapa. Likikataa, liache na ulijaze karatasi nyeupe ndani lisibonyee.

Mabango na kurasa za majarida zilizobandikwa kwa uji wa unga kwenye kuta za nyumba za zamani usizibandue. Zitachanika. Piga picha za ukuta mzima mchana, kisha karibu karibu, na uandike nyumba ipo kijiji gani. Picha hizo ni sehemu halali ya mkusanyo wako.

Daftari

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na kwa mkusanyaji hakuna ushauri mkubwa kuliko huo. Kila kitu kipe namba. Katika daftari andika namba hiyo, ni kitu gani, vipimo, hali yake, ulikipata wapi, lini, kwa kiasi gani, na aliyekupa alisema nini: alikinunua wapi, nani alikisoma, kilitundikwa wapi. Jina la mtu liandike kwa ruhusa yake tu. Kisha piga picha za kurasa za daftari na uzihifadhi mahali pengine.

Jalada la African Film bila maelezo ni karatasi ya zamani tu. Jalada hilo hilo likiwa na maelezo kwamba lilisomwa kwa zamu na wanafunzi wa bweni moja Rungwe hadi kona zikaisha, ni ushahidi wa jinsi kizazi kizima kilivyojifunza kupenda kusoma. Mtafiti, mwalimu au jumba la makumbusho atalitaka la pili.

Kuhusu fedha

Usiingie kwenye shughuli hii kwa kutegemea kutajirika. Soko la vitu hivi hapa kwetu ni dogo, na bei hupangwa na watu wawili mezani. Nunua kwa fedha usiyoihitaji kwa ada wala mbolea. Badilishana na wenzako. Mwenye nakala mbili ampe asiye nayo. Ukiuza, sema kweli kuhusu kasoro na usifiche nakala ya kuchapishwa upya. Wala usichapishe mabango ya wengine ukayauza. Hakimiliki zina wenyewe, na sheria yetu ya mwaka 1999 inazilinda. Ukifika mahali mkusanyo wako ni mkubwa kuliko uwezo wako wa kuutunza, zungumza na Makumbusho ya Taifa, na sehemu ya East Africana ya maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, au na maktaba ya mkoa, kabla hujauvunja vipande vipande.

Waliomsoma Spear wakiwa vijana sasa wana miaka sabini na kitu. Waliomshangilia bingwa wa 1986 wanazeeka. Wao ndio wanaojua vitu hivi vilitoka wapi, na hawatakuwepo daima. Kiangazi hiki fungua sanduku la nyumbani kwenu, nunua daftari, kaa na mzee mmoja, na uandike. Usisubiri masika mengine.